Kaharabu ya Ta Kaijage

Habari za kifo cha Ta Kaijage zilinikuta mezani. Mpwa wangu alipiga simu kutoka Rugu, akasema kwa ile sauti ya kunyata ambayo watu huitumia wakileta taarifa ya msiba, "Shangazi, yule mzee wa visu hatunaye tena." Mbele yangu palikuwa na ndizi za maharage na samaki mmoja mkubwa kuliko sahani yenyewe. Nikasema, "Mungu ampokee," kisha nikamaliza ndizi, nikamaliza maharage, nikamnyonya samaki mpaka macho, nikaagiza chai. Tangu nizaliwe sijawahi kula kwa hamu namna ile. Najua si jambo la kuandikwa na bibi mwenye wajukuu tisa na kiti chake cha mbele kanisani, lakini nikianza kwa kujipamba, mengine yote hayataaminika. Msibani nilikwenda. Nilikodi bodaboda kutoka Mabira, nikavaa kitenge kipya, nikaketi mahali ambapo kila mtu angeniona. Kijana mmoja mwenye kipaza sauti akasoma wasifu wa marehemu. Akasema marehemu alikuwa fundi asiye na mfano, mtu wa kwanza kuileta kaharabu katika mipini ya visu vya Karagwe na Kyerwa yote. Nikapaliwa. Mama aliyeketi karibu yangu akanipa maji, akanipapasa mgongo, akidhani ni majonzi. Nilikunywa yale maji nikiwa nimeshaamua: kama wao wanasoma yao kwenye kipaza sauti, na mimi nitaandika yangu.

Ukoo wangu hautahusika hapa, wapumzike. Naanzia asubuhi niliyoingia karakana ya Ta Kaijage, pale Nyakakika, nikiwa na miaka kumi na tisa na mikono ambayo ilikuwa bado haijajua msasa. Ta ndivyo tunavyomwita mwanaume wa heshima, na wakati ule nilimwita hivyo kwa moyo wote. Karakana ilikuwa nyuma ya nyumba, katikati ya kibanja cha migomba, chumba kimoja cha udongo chenye paa la bati na dirisha dogo ambalo mgomba mmoja ulikuwa umeingiza jani lake ndani kama mtu anayechungulia. Mle kulikuwa na meza nzito, jiriwa ya kubania, tupa za kila unene, na vumbi la pembe ambalo liliingia puani, kwenye chai, kwenye nywele, nadhani hata kwenye ndoto. Visu vyenyewe vilikuja vikiwa chuma kitupu kutoka kwa wahunzi, vimefuliwa kwa springi za magari. Kazi yetu ilikuwa kuvivisha mipini. Havikuwa visu vya kumenyea ndizi. Kilikuwa kisu cha heshima, anachopewa mzee siku ya jubilei yake au siku anayostaafu, kikaning'inia sebuleni mwaka mzima kikiwa kimefungwa kitambaa, kikashuka sikukuu tu kukata nyama. Mwenye kisu hicho alikaa vizuri zaidi kwenye kiti chake. Na mwenye kisu cha mpini wa kaharabu hakukaa kabisa, alielea.

Kaharabu, kwa msomaji ambaye hajawahi kuishika, ni utomvu wa miti ya kale uliozikwa ardhini mpaka ukawa kama jiwe. Kama jiwe tu, kwa sababu ukiishika haina baridi ya jiwe, na ni nyepesi kiasi kwamba mara ya kwanza unadhani umedanganywa. Ta Kaijage alinifundisha rangi zake kabla hajanifundisha tupa. Kuna ya manjano inayopitisha mwanga, kama asali ya wiki hii. Kuna iliyofifia, nzito, kama samli iliyoganda. Kuna nyekundu kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, na hiyo ndiyo wazee waliipenda. Ile ya kweli, alisema, hutoka kwenye bahari za baridi huko Ulaya, mawimbi huitapika ufukweni, watu wakaiokota kama sisi tunavyookota uyoga. Ilifika kwetu kwa njia za ajabu: shanga za mkufu uliokatika, punje za tasbihi ya mfanyabiashara, kipande cha kiko cha mgeni. Aliyasema haya akiwa amevaa sweta lake la kahawia la sufu, ambalo hakulivua hata jua likipasua mawe, na nilichukua wiki tatu kugundua kwamba sweta lile lilikuwa kifaa cha kazi. Mteja akija, Ta Kaijage alifungua kiberiti, akatoa kaharabu moja tu, mdomo wa kiko uliovunjika, akausugua kwenye sweta mara kumi, akausogeza juu ya maganda makavu ya kahawa. Maganda yakaruka yakang'ang'ania. Mteja akashika mdomo wake. "Umeona, waitu?" Ta Kaijage akamwambia kwa upole wote, na ile waitu yetu ya kumheshimu mtu. "Hiki ni kitu chenye uhai."

Kaharabu ile ya kwenye kiberiti haikuwahi kuingia kwenye kisu cha mtu. Isingetosha hata mpini wa kisu cha panya. Mipini ilitoka kwenye makopo matatu ya maziwa ya unga yaliyokaa rafuni. Kopo la kwanza lilikuwa na vipande vya pembe za ng'ombe wetu wale wenye pembe ndefu, na hizo hazikumdanganya mtu. Pembe ni pembe. La pili lilikuwa kopo la maajabu: vipande vya taa za indiketa za malori yaliyopinduka kwenye kona, vishikio vya miswaki, vitufe vya redio za zamani, vyote vya rangi ya chungwa, vya kuyeyushwa kwenye kikaango na kumiminwa. Hivi viliuzwa kwa watu wa haraka. La tatu lilikuwa na mabonge ya manjano yenye ngozi kama ya mbuzi, na ndani ya baadhi yake alikuwamo sisimizi au nzi, ameganda na miguu yake yote. Ta Kaijage aliyaita kaharabu ya Pwani. Niliyapenda mabonge yale. Nilibandika vibao viwili vya rangi ya asali kila upande wa chuma, nikapigilia misumari ya shaba, kisha nikasugua kwa msasa, kwa majivu, kwa jani kavu la mgomba, mpaka ungeweza kujitazama na kuchana nywele. Nilisugua sana hata alama za vidole vyangu zikafutika. Ningeweza kuibia benki yoyote nisikamatwe. Na nilinukia. Yale mabonge yakiguswa na tupa yalitoa harufu ya ubani, nami nilikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya ya usharika wa Kilutheri. Mwenzangu mmoja wa kwaya alikuwa akinisogelea, ananusa, anasema, "Adventina, leo umetoka misa ya Wakatoliki ya saa ngapi?"

Mchana tulikula jikoni kwa Ma Leokadia, mke wa Ta Kaijage, na hapo sina chuki hata ya kujaza kijiko. Jiko lake lilikuwa na mafiga matatu na kigoda kimoja, na kigoda alinipa mimi. Alipika ndizi kwa maharage, zikaiva mpaka zikawa nyekundu, akazifunika kwa majani, akanipakulia kama anamlisha mvunaji. Siku moja ya masika tulikuwa tunamenya, yeye na mimi, na upande wa pili wa ukuta wa matete Ta Kaijage alikuwa na mgeni, mfanyabiashara wa Bukoba aliyemletea yale mabonge. Ukuta wa matete hauzuii neno.

"Mimi sikufichi, fundi," mfanyabiashara alikuwa anasema. "Hii ni sandarusi. Inachimbwa Pwani, ni utomvu wa juzi tu. Kaharabu ni babu, hii ni mjukuu."

"Ikivuka mto Kagera inakuwa kaharabu," Ta Kaijage akajibu.

"Itakuaibisha. Mwaka mmoja, miwili, uso wake utapasukapasuka kama tope la kiangazi."

"Mwaka mmoja mtu ameshakipenda kisu chake. Utaacha kumpenda mkeo akipata mikunjo?"

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu walioshiba. Mimi nikasimamisha kisu katikati ya ndizi. Ma Leokadia hakuinua uso. "Menya, mwanangu," akasema taratibu. "Masikio hayamenyi ndizi."

Nikamenya. Hili nataka lisomwe vizuri, kwa sababu watakaokuja kunitetea wanaweza kuliruka: nilisikia, nikamenya, na kesho yake nikarudi kuisugua sandarusi ile ile kwa majivu yale yale. Nilijiambia mimi ni mikono tu. Nilikuwa napenda sifa za mpini unaong'aa, na nilipenda kigoda.

Mtu aliyeyalipua yote alikuwa Ta Felician, karani mstaafu wa kahawa, mwenyeji wa Muleba aliyehamia Rugu na kuoa huko. Alikuwa mwanaume mrefu, safi, anayeongea kwa vifungu, hata akikuomba chumvi alianza na "kwanza kabisa." Alipostaafu wenzake walimnunulia kisu cha kaharabu kwa Ta Kaijage, na mpini huo niliusugua mimi. Haukupita mwaka. Siku ya gulio, uwanja wa Ta Kaijage ukiwa umejaa watu wa kunoa na watu wa kuzurura, Ta Felician akaingia na kisu kimefungwa kwenye gazeti, akalifungua juu ya meza kama daktari anayefungua kidonda. Uso mzima wa mpini ulikuwa umepasuka mistari midogomidogo, umefifia, umekuwa kama kisigino cha mkulima.

"Kwanza kabisa," akasema, "hii ni nini?"

Ta Kaijage aliutazama ule mpini muda mrefu. Nilimwona akifikiri. Nimetazamwa na ng'ombe mwenye hasira, nimetazamwa na afisa elimu, lakini sijawahi kuogopa macho kama yale yaliyogeuka kunitafuta mimi mlangoni. "Adventina. Njoo hapa, mwanangu. Mpini huu uliusugua wewe?"

"Ndiyo, Ta."

"Jiwe ulilotia ulilitoa wapi?"

"Kopo la tatu, Ta, kama siku zote."

"Mmesikia?" Akawageukia watu, uso umejaa huzuni, huzuni nzuri iliyosuguliwa vizuri. "Kopo la tatu! Mimi mzee huyu nilimpa kaharabu yenyewe, nikamwambia binti huyu, tia hii. Yeye katia takataka. Na yangu kaipeleka wapi?" Akachukua kiberiti rafuni, akakitikisa sikioni mwa Ta Felician. Hakikulia kitu. "Kumlisha kote kule! Kwenye kigoda cha mke wangu!"

Nilisema sijaiba. Nilisema mara kumi na nane, au mara mbili, sikumbuki. Uwanja mzima ulikuwa umeshageuka. Ma Leokadia alisimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Nilimtazama. Akatazama mwiko. Ta Kaijage akamwahidi Ta Felician kisu kingine cha kaharabu tupu, atakachomkabidhi mwenyewe siku ya jubilei ya ndoa yake mwishoni mwa mwaka, mbele ya kadamnasi, na watu wakampigia makofi kwa uungwana wake. Mimi nikatoka uwanjani na aproni yangu ya kazi bado kiunoni. Jumapili iliyofuata mwenyekiti wa kwaya akaniita pembeni. "Upumzike kidogo, dada, maneno yapoe." Nilipumzika miezi saba. Watoto wa njiani wakanipa jina, Kaharabu, wakaliimba nikipita. Kijana mmoja wa Mabira aliyekuwa na tabia ya kunisindikiza kutoka kisimani akaanza kupita njia nyingine, ndefu zaidi, yenye siafu. Kwetu mwizi wa ndizi husamehewa akishapigwa. Mwizi wa kitu cha fundi aliyemlisha hana pa kusamehewa.

Nikahamia Rugu kwa shangazi yangu, Ma Paskazia, mwanamke mnene, mcha Mungu, aliyekuwa akipika gongo kali kuliko zote kati ya mpaka wa Rwanda na Ziwa Viktoria. Ndege wakipita juu ya pipa lake waliruka upande. Kazi yangu ilikuwa kuchochea moto, na nilichochea nikimwona Ta Kaijage ndani ya kila kuni. Sitasema nilimwombea. Nilimtengenezea vifo vingi sana miezi ile, kimojawapo kilihusu tembo. Shangazi, alipochoka kunisikia nikiongea na pipa, akanisukumia kwenye darasa la watu wazima lililokuwa likifanyika shule ya msingi, saa kumi na moja jioni mpaka giza linapoingia. "Kachukie huko," akasema, "huku unaunguza mashudu." Ndivyo nilivyoanza elimu ambayo leo nina cheti chake ukutani, kikubwa kuliko dirisha. Wasomi wengine walifuata nuru. Mimi nilimfuata Ta Kaijage.

Mwalimu wetu wa sayansi, Mwalimu Projestus, alikuwa kijana mwembamba mwenye kaptula za mchana na suruali za jioni. Siku hiyo alikuwa anafundisha mambo ya kuyeyuka: sukari na maji, rangi na petroli. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, kaharabu inayeyuka kwa nini?" Darasa zima likaguna, jina langu lilikuwa limeshafika. Yeye hakuguna. Aliuliza kama nina kipande. Nilikuwa nacho. Kwenye mshono wa mfuko wa aproni ile kulikuwa kumebaki chembe moja ya kopo la tatu, na niliitunza kama watu wanavyotunza barua. Kesho yake akaja na kichupa cha spiriti ya kusafishia vidonda, akaiweka chembe juu ya kisahani, akadondosha matone mawili. Tukasubiri. Akanipa njiti ya kiberiti niiguse. Njiti ikanasa. Nilipoivuta, ikaja na uzi mwembamba wa manjano kama wa asali.

"Hii ni sandarusi," Mwalimu akasema. "Utomvu wake bado mchanga. Kaharabu ya kweli imekaa ardhini miaka isiyohesabika, imekomaa. Ukiimwagia spiriti inabaki kama ilivyo. Kwa lugha nyepesi, kaharabu hailewi. Sandarusi inalewa."

"Na rubisi je, Mwalimu?" Rubisi ni pombe yetu ya ndizi, wanayokunywa hata wazee wa kanisa.

"Rubisi ni dhaifu, haitaifanya kitu."

"Na gongo?"

"Inategemea ukali wake."

"Ya shangazi yangu inawaka moto," nikasema, na kwa mara ya kwanza katika miezi mitano darasa likacheka upande wangu.

Sasa sikiliza desturi yetu, maana hapo ndipo aliponaswa. Katika vijiji vyetu kisu cha heshima hakikati kitu kabla fundi mwenyewe hajakiosha. Fundi hukishika mpini kwa ngumi, ngumi imefumbwa sawasawa, na mzee anayepewa humwaga pombe juu ya ngumi ile mpaka itiririke kwenye chuma, huku fundi akitamka kwamba kazi yake ni safi. Akishatamka, mzee husema maneno yake, na fundi hafumbui mkono mpaka mzee amalize. Siku zote ni rubisi. Ta Kaijage alikuwa ameosha visu kwa rubisi maisha yake yote, mipini ya miswaki kwa mipini ya sandarusi, na mkono wake ulifumbuka vizuri kila mara. Hakujua kilichomo kwenye kichupa cha Mwalimu. Hakuwa na sababu ya kujua. Yeye alihitimu ufundi. Shule ya jioni alituachia akina sisi.

Na jubilei ya Ta Felician, pombe yote iliagizwa kwa nani? Kwa Ma Paskazia. Nilijaribu kwanza nyumbani. Nilichukua yale matone ya mwanzo kabisa yanayotoka kwenye mrija, yale shangazi anayoyaweka kando kwa sababu yanapofusha, nikachovya nusu ya chembe yangu, nikahesabu kwa Baba Yetu kwa sababu sikuwa na saa. Baba Yetu ya pili, ikaanza kunata. Ya tano, nikainua nayo kijiko. Ta Felician, nilijua, hakuwahi kutoa hotuba iliyo fupi kuliko Baba Yetu arobaini.

Siku yenyewe, mchana, uwanja wa Ta Felician ulikuwa na turubai, mbuzi wanne wamechomwa, ndizi zimefunikwa majani kwenye sufuria ambazo ungeweza kubatizia watu. Mchungaji alibariki, akala, akaaga, kama inavyotakiwa, ili wazee wapate kufanya mambo yao. Ta Kaijage akasimama katikati na sweta lake, akainua kisu juu. Kilikuwa kizuri, siwezi kukana. Rangi ya chai, mwanga unapita ndani yake, na nzi mdogo upande wa kulia. Watu wakasema "Aaah." Nilikileta kibuyu kidogo cha kuoshea kwa mikono miwili, nikapiga goti. "Shikamoo, Ta Felician."

"Marahaba." Akanitambua, akasita, akapokea. Akanusa. "Leo mmenipa ya wakubwa."

"Ni siku ya wakubwa, Ta."

Ta Kaijage akafumba ngumi. Ta Felician akamwaga, na sauti ya fundi ikatoka, "Kazi yangu ni safi," imara, nzuri, ya mtu aliyezoea. Kisha Ta Felician akaanza. Kwanza kabisa, akamshukuru Mungu. Pili, akamshukuru mkewe kwa mwaka wa kwanza wa ndoa, kisha kwa wa pili, na kila alipofika kwenye jambo tamu akaongeza tone juu ya ngumi. Nilisimama pembeni nikisali Baba Yetu kwa midomo iliyofungwa. Sijawahi kusali kwa bidii kama ile, na sijui ilimfikia nani. Jua lilikuwa linawaka. Pombe ikakauka, ikaongezwa, ikakauka. Alipofika mavuno ya kahawa ya mwaka fulani uliokuwa mbaya, nikaona kidole gumba cha Ta Kaijage kinajaribu kusogea. Hakikusogea.

"Na sasa," Ta Felician akasema hatimaye, "nakipokea kisu changu." Akanyoosha mkono. Ta Kaijage akanyoosha wake. Wakabaki hivyo.

"Achia, fundi."

"Naachia."

"Mbona huachii?"

"Nimeachia, waitu. Wewe vuta."

Akavuta. Ta Kaijage akaja pamoja na kisu, hatua mbili, mwili mzima, kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Mtu akacheka, kisha kumi, kisha uwanja. Ta Felician akaweka mguu chini, akavuta kwa nguvu zote za karani mstaafu, na mkono ukabanduka kwa sauti ambayo naisikia mpaka leo nikitaka kulala vizuri. Mpini ulikuwa umeharibika, una nyuzi, na katikati yake kiganja kizima cha Ta Kaijage kimepigwa chapa, mstari kwa mstari.

Nikasema, "Ta Felician, kaharabu hailewi. Hii ni sandarusi, na leo mimi sikuwa karakana. Muulize nani kaitia."

Hakuulizwa, wote walikuwa wanatazama mkono wake. Wiki iliyofuata watu walishusha visu vyao sebuleni kutoka Nyakakika mpaka Mabira, wakaja kwa Ma Paskazia kuvinywesha. Vyote vililewa. Shangazi hakuwahi kuuza vizuri kama mwezi ule. Karakana ikafungwa, makopo matatu yakatupwa migombani, na siku moja asubuhi Ma Leokadia akafika Rugu kwa miguu, miguu imejaa vumbi, akaketi chini ingawa nilimpa kiti.

"Umeshinda, mwanangu," akasema. "Nami nilisikia siku ile ya ndizi, na siku ya gulio ulinitazama nikatazama mwiko. Hilo ni langu, nitalibeba. Lakini nyumbani hakuna mtu anayeleta hata panga kunolewa. Mwache."

"Amekutuma?"

"Hajui nimekuja. Anakaa ndani, hali chakula."

Ningependa kuandika kwamba kilichonijia hapo kilikuwa huruma. Kilichonijia kilikuwa njaa. Nilimwambia nampenda, na nilikuwa nampenda. Nilimwambia nitawaambia watu warudishe mapanga. Lakini aje kanisani Jumapili, wakati wa matangazo, asimame mbele ya kwaya, aseme kwa kinywa chake. Ma Leokadia akafumba macho. "Mzee yule, mbele ya watoto?" Nikasema watoto ndio waliokuwa wakiimba.

Alikuja. Hakuvaa sweta. Bila lile sweta alikuwa mdogo, shingo yake nyembamba, na kiganja cha kulia kimefungwa kitambaa. Mzee wa usharika akasoma matangazo ya mazishi, ya ndoa, ya mchango wa bati, kisha akamwita. Ta Kaijage akasimama mbele ya madhabahu, akatazama sakafu, akasema kwamba binti Adventina hakuiba kitu, kwamba kaharabu anayo yeye mwenyewe, kwamba alisema uongo.

Nikasimama kwenye benchi langu la nyuma. "Rudia, Ta. Huku nyuma hatujasikia."

Akarudia. Sauti ilipanda mpaka kwenye bati. Hata waliokuwa nje chini ya mti walisikia. Mwenyekiti wa kwaya akageuka, akanipungia mkono nije mbele, nichukue nafasi yangu ya zamani. Wanawake wakaanza kupiga vigelegele. Yamekwisha, kila mtu alifikiri, na Ta Kaijage naye alifikiri hivyo, akageuka kuondoka.

"Rudia," nikasema.

Vigelegele vikakatika. Ma Leokadia, benchi la tatu, akanigeukia, akanitazama kwa macho yale yale niliyomtazama nayo siku ile ya mwiko, na safari hii mimi ndiye niliyekuwa na kitu kingine cha kutazama. Mara mbili za kwanza zilikuwa za jina langu. Ta Kaijage akarudi mbele, akasimama wima kadiri alivyoweza, akafungua kinywa, akarudia mara ya tatu, na hiyo ilikuwa yangu mwenyewe.